Madam Aliyetuambia Tusimwamini

Wote tulimwita Madam, kama walimu wa kike wanavyoitwa katika sekondari zote za huku kwetu. Lakini kwake jina hilo halikubaki shuleni. Lilimfuata sokoni Bunda, likamfuata kanisani, kwa mafundi cherehani, mpaka kwa vijana wa bodaboda ambao hawakuwahi kukaa darasani kwake hata siku moja. Ukisema pale Manyamanyama, mtaani kwake Bunda, "nipeleke kwa Madam," hakuna aliyekuuliza Madam yupi.

Mimi nilimkuta Musoma, nikiwa kidato cha kwanza. Siku yake ya kwanza kutufundisha baiolojia aliingia na kikapu cha sokoni. Chaki hana, kitabu hana. Akamimina vitu mezani: nyanya, bamia, biringanya, tango, boga dogo, fungu la mchicha, nanasi na ndizi.

"Tenganisheni matunda na mboga," akasema.

Tulimwonea huruma. Tumefaulu darasa la saba, tumenunuliwa sare mpya, halafu mtu anatupa kazi ya chekechea. Tukaweka nanasi na ndizi upande huu, vingine vyote upande ule. Akatazama, akatikisa kichwa, akaanza kuhamisha. Nyanya ikaenda kwenye matunda. Bamia ikaifuata. Biringanya, tango, mwisho boga. Mchicha ukabaki peke yake kama mtoto aliyesahauliwa stendi. Darasa zima likacheka.

"Tunda ni nini?" akauliza. Akajibu mwenyewe. "Ua likishachavushwa, kile kinachobeba mbegu ndilo tunda. Ulimi wako na sufuria ya mama yako havihusiki."

Msichana mmoja akasema hawezi kukubali kwamba bamia ni tunda. Madam akampa kisu. "Vizuri. Usiniamini mimi. Kata, angalia."

Maneno hayo, "usiniamini, angalia," niliyasikia kwake kwa miaka yote iliyofuata. Siku ile tulikata kila kitu. Tulikata ndizi kwa upana, akatuonyesha vidoa vyeusi katikati, akasema hayo ndiyo mabaki ya mbegu zilizokataa kukua, na kwamba ndizi za porini zina mbegu ngumu za kuvunja jino. Akatuambia kila jicho la nanasi lilikuwa ua, kwa hiyo ukila nanasi unakula matunda mengi yaliyoshikana. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama habari za bamia. Mama akageuza ugali, akasema, "Basi leo tunakula ugali na matunda. Kaa chini."

Sitasema alizaliwa wapi, kwa sababu sijui, na hakuna niliyewahi kumpata anayejua. Huku Mara mtu hajamaliza kusalimia kabla hajakuuliza wewe ni wa wapi, Mjita, Mkurya, Mzanaki, Mluo. Madam alikuwa mtu wa kufuatilia kila kitu kilikotoka, ila yeye mwenyewe hakutaka kufuatiliwa. Ukimuuliza, "Madam, wewe kwenu wapi?" alijibu, "Nimetoka Manyamanyama, nimepitia sokoni." Alisema Kijita kidogo, Kikurya kidogo, na Kiswahili ambacho hakikuwa na harufu ya mahali popote. Watu walibuni. Wengine walisema ni wa Bukoba, wengine Tabora. Yeye aliwasikia, akawaacha wabishane.

Nilipoolewa nikahamia Bunda, nilimkuta amestaafu, na ua wa nyumba yake umepakana na wetu. Hapo ndipo nilipomjua vizuri, maana mwalimu darasani unamwona kwa mbele tu.

Kwanza, hakujua kupika. Angekueleza kwa nini kitunguu kinatoa machozi, huku cha kwake amekikata mapande makubwa kama matofali. Maharage yake yalikuwa magumu. Majirani tulimpelekea mboga, naye alituletea matunda ya bustani yake na maelezo yake. Alikuchimbulia shina la karanga akuonyeshe kwamba ua huchanua juu, kwenye mwanga, halafu linateremsha mkono wake kwenda kuzaa ardhini. Alikumenyea hindi bichi polepole akuonyeshe kwamba kila unywele wa hindi umefungwa kwenye punje yake, na unywele ukikosa chavua, punje ile haipo. "Yale mapengo mnayosema mahindi yameliwa na wadudu," alisema, "mara nyingine ni harusi ambayo bwana hakufika."

Sokoni alikuwa mtihani. Alisimama kwenye meza za mitumba akamshika muuzaji na suruali ya jinzi. "Kijana, huu mfuko mdogo ulio ndani ya mfuko ni wa nini?"

"Wa sarafu, Madam."

"Si wa sarafu. Ulishonwa kwa ajili ya saa. Zamani wanaume walitembea na saa za mnyororo, saa za mkononi zilikuwa bado. Saa zimekwenda, mfuko umebaki."

Akaenda zake bila kununua. Yule kijana akanigeukia. "Ananichoshaga huyu mama. Lakini hiyo stori nikimpa mteja, suruali inatoka."

Kanisani, mzee mmoja alisimama kwenye matangazo akalaumu viatu vya visigino virefu, kwamba ni tamaa za wanawake wa siku hizi. Madam alisubiri mpaka nje, akamsogelea kwa adabu. Akamwambia visigino hivyo vilianza kwa wanaume, wapanda farasi wa Uajemi, ili mguu usiteleze wanaporusha mishale, na wafalme wa Ulaya wakaja kuvichukua waonekane warefu.

"Kwa hiyo Madam unataka na mimi nivivae?" mzee akauliza.

"Miguu ni yako, mzee wangu."

Watu walicheka mpaka getini, na mzee naye akacheka. Hilo nalo lazima niliseme: alipomsahihisha mtu, mara nyingi mtu huyo aliondoka anacheka. Sijui alifanyaje. Nimejaribu mimi, watu huondoka wamenuna.

Nadhani siri yake ni kwamba naye alipenda kufundishwa. Kule Musoma tulikuwa na msichana kutoka vijiji vya rasini, baba yake mvuvi. Kila mmoja wetu aliamini dagaa ni watoto wa samaki wakubwa. Madam akatuambia dagaa ni samaki mzima, amekua akafika mwisho wake, huo ndio ukubwa wake. Yule msichana akanyoosha mkono. "Hilo tunalijuaga, Madam. Lakini furu je?"

"Furu ana nini?"

"Anabebaga watoto mdomoni. Ukimvua, anawatema ndani ya mtumbwi. Mimi nimewaonaga."

Darasa likaguna. Madam akaweka chaki chini. "Sijawahi kuona. Njoo mbele utufundishe." Akaenda kukaa kwenye dawati la yule msichana, mikono juu ya meza kama mwanafunzi, akauliza maswali mpaka kengele ikalia. Wiki iliyofuata alituambia amekwenda mwaloni alfajiri, wavuvi wamemwonyesha, na ni kweli. Yule msichana hakuzungumza sana darasani kabla ya siku ile. Baada ya hapo ilikuwa kazi kumnyamazisha.

Habari ya vifungo ndiyo iliyonifanya nimheshimu zaidi ya yote. Kwa miaka mingi Madam alikuwa akieleza kwa nini shati la mwanamume lina vifungo upande wa kulia na blauzi ya mwanamke kushoto. Alisema wanawake matajiri wa Ulaya walikuwa wakivalishwa na watumishi, basi vifungo vikawekwa upande unaomfaa anayevalisha. Ni hadithi tamu. Aliieleza darasani, aliieleza kwenye vikao vya akina mama, aliieleza kwa kila fundi cherehani aliyemkalia kwenye benchi.

Siku moja nikamkuta barazani amekasirika, simu mkononi, miwani puani. "Nimekuwa nikisema uongo," akaniambia.

"Uongo gani tena, Madam?"

"Vifungo. Nimesoma, nimesoma tena. Hakuna anayejua. Kuna anayesema watumishi, kuna anayesema panga za wanajeshi, kuna anayesema kunyonyesha. Wote wanakisia. Na mimi nimelisema kama nililiona kwa macho."

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake alianza kuzunguka. Alipita kwa mafundi wa soko la Bunda mmoja mmoja, akasimama kwenye kikao cha akina mama akasema ile habari ya vifungo waiweke kwenye yale ambayo hayajulikani. Kisha akapanda gari kwenda Butiama, kwa fundi mmoja mwanamke aliyewahi kumshonea gauni na akapenda hadithi ile kuliko wote. Nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na vitenge vya kushona.

Fundi alitupokea vizuri, akatuletea viti. Madam akasema alichokuja kusema. Fundi akasimamisha cherehani.

"Madam, umetoka Bunda mpaka hapa kwa ajili ya vifungo? Si ungenipigia simu."

"Uongo niliuleta mwenyewe hapa, nimekaa kwenye kiti hiki hiki. Nimeufuata mwenyewe."

"Lakini mimi wateja nimewaambiaga hivyo miaka yote. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie hatujui. Halafu waulize wao wanafikiri nini."

Tulipokuwa tunatoka, nilimsikia fundi akimwambia mteja aliyeingia, "Wewe, njoo nikuulize. Kwa nini vifungo vyako viko upande huu?" Madam akanishika mkono, akafurahi njia nzima.

Nimezungusha maneno kwa sababu sasa nafika kwenye langu mwenyewe.

Ndoa yetu ilikaa miaka bila mtoto. Mume wangu ni fundi pikipiki, mtu mpole, haongei sana. Mama yake aliishi kijijini Bugwema. Mwanzoni alikuwa akija na muhogo na maneno mazuri, baadaye akawa anakuja na muhogo tu. Tulijua kuna msichana wa kule ambaye jina lake limeanza kutajwa. Mimi nilikuwa nimekwenda hospitali mara nyingi, peke yangu, na kila mara niliambiwa sina tatizo, nimlete mwenzangu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia.

Jioni moja mama mkwe alikuwa amekaa uani kwetu, akautazama mpapai uliokuwa karibu na bafu. Ulikuwa mrefu, umejaa maua, na haukuwahi kutoa papai hata moja.

"Huu mti unakula mbolea bure," akamwambia mume wangu. "Baba, si uukate? Mtu akijua kuondoa kisichozaa hapa kwake, atajua na mengine ya kuondoa."

Hakunitazama. Haikuwa lazima anitazame. Mume wangu akaenda kuchukua panga. Sijui kama alilisikia neno kwa uzito wake au alitaka tu kupata cha kufanya na mikono. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikainamia ungo ili wasinione uso.

Madam alikuwa getini. Alikuja kurudisha bakuli langu. Akasalimia, akaamkiana na mama mkwe, kisha akasema, "Baba, shikilia kwanza hilo panga. Huo mti hauumwi. Ni dume."

"Mpapai dume?" mama mkwe akauliza.

"Mama, usiniamini, njoo uangalie. Ona maua yake yananing'inia kwenye vikonyo virefu. Sasa tazama wa kwangu pale ng'ambo ya ua, maua yamekaa shinani. Ule ni jike. Mapapai ninayowaletea yanatokana na hili dume lenu. Mkilikata, tutakosa wote."

Mama mkwe alisimama, akaenda mpaka kwenye shina, akatazama juu muda mrefu. "Kwa hiyo mti unaweza kuwa mzima, ukatoa maua, na usizae?"

"Ndiyo, mama."

Mume wangu alikuwa bado na panga. Akasema, bila kumtazama mtu, "Madam. Na kwa watu je?"

Mtu mwingine angeuchukua mpapai ule akahubiri nao mpaka kesho. Madam alikuwa na mfano huo mbele yake, umekomaa, hauhitaji hata kuangushwa. Hakuugusa.

"Watu si mipapai," akasema. "Mti hauna wa kumuuliza. Nyinyi mna hospitali. Mwende wote wawili, siku moja, mkae benchi moja."

"Mwanangu ni mzima," mama mkwe akasema. "Hata kichwa hakimuumagi."

"Basi vipimo vitasema hivyo, mama, na mimi nitakuja kukuomba radhi hapa hapa."

Akanipa bakuli, akaenda zake.

Tulikwenda. Daktari alituita pamoja. Mimi nilikuwa mzima, tatizo lilikuwa kwa mume wangu. Daktari alisema yapo matibabu ya kujaribu, lakini hawezi kuahidi. Kesho yake mume wangu hakufungua kibanda chake. Nilimwona akiingia kwa Madam asubuhi, akatoka jua limesimama utosini. Walichozungumza sijui mpaka leo. Nilipomuuliza Madam, yeye aliyekuwa na jibu la kila kitu, alisema, "Hilo muulize mumeo." Na mume wangu nilipomuuliza, alisema, "Jiandae, Jumapili twende Bugwema."

Tulifika, tukakaribishwa, mama mkwe alikuwa na baba mdogo wa mume wangu barazani. Mume wangu hakukaa. Alisema akiwa amesimama, "Mama, baba, tumepimwa wote. Tatizo ni langu. Mke wangu hana tatizo lolote. Naomba lile neno la msichana liishe leo."

Baba mdogo akatazama chini. Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni, akakaa huko muda ambao mimi niliona mrefu sana. Aliporudi alikuwa na sinia ya chakula. Akanawisha watu mikono, na alianza na mimi. Hakuniomba msamaha kwa maneno na mimi sikumdai. Tangu siku ile hakuniita tena "mwanamke wa mwanangu." Ananiita mwanangu.

Matibabu tulijaribu. Mtoto hakuja. Baadaye tulimchukua binti wa dada yake mume wangu, aliyefiwa na mama, tukamlea, na ni mtoto wetu. Nyumba yetu ina utulivu ambao nyumba nyingi zenye watoto saba hazina. Mpapai upo.

Nilipomshukuru Madam alikata maneno. Alisema yeye alikuja kurudisha bakuli.

Sasa niseme nilivyomkuta mwaka huu.

Nyumba yake ilikuwa imefungwa wiki kadhaa. Majirani walisema amesafiri, na tulivyomzoea, mtu anayeishi peke yake na miti yake, tulidhani amekwenda kutibiwa mgongo Mwanza. Mimi nilikuwa nakwenda msibani Ukerewe. Nilifika Kisorya kivuko hakijarudi, watu wamekaa na mizigo yao, akina mama wanauza samaki wa kukaanga. Nikamwona kwenye benchi, amevaa kitenge kipya, gauni na kilemba vya kitambaa kimoja, amejipaka hata mafuta ya midomo. Pembeni yake mzee mmoja mrefu, kofia kifuani, kikapu cha machungwa miguuni.

"Shikamoo, Madam!"

"Marahaba, binti. Kaa." Akamgeukia yule mzee. "Huyu ni jirani yangu niliyekwambia. Binti, huyu ni mume wangu."

Nikaweka mzigo wangu chini, nikakaa.

"Tumefunga ndoa mwezi uliopita," akasema, kama anayetangaza bei ya nyanya. "Alikuwa bwana shamba. Ana michungwa yake kule kisiwani. Tulianza kwa kubishana sokoni Bunda, hatujamaliza."

"Madam! Na hukutuambia?"

"Mngeniuliza maswali."

Yule mzee alicheka, akachagua chungwa kwenye kikapu, akanipa. Lilikuwa kijani kote, halina doa la njano. Nikashukuru, nikalishika tu. Akaniona.

"Unadhani ni bichi," akasema.

"Naona ni kijani, babu."

"Limeiva hilo. Chungwa linahitaji baridi ya usiku ndipo ligeuke rangi. Huku kwetu ziwa halituachi tupate baridi, basi linaivia ndani ya ukijani wake. Lile la njano unaloliona kwenye picha limetoka kwenye baridi. Limenye."

Alieleza taratibu, akirudia mahali, akinionyesha ganda kwa kidole, akasahau neno, akalitafuta, akalipata. Yalikuwa maelezo marefu kuliko yalivyohitajika. Na Madam, ambaye katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akimwacha mtu amalize kueleza jambo kama hilo bila kumdakia, alikuwa amekaa kimya, ameinamisha kichwa upande wake, anamsikiliza kama mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Nilimenya chungwa. Lilikuwa tamu mpaka likanichuruzika kwenye kiwiko.

Kivuko kikapiga honi. Mzee akainuka kwenda kutafuta mtu wa kumsaidia mzigo. Nikamsogelea Madam sikioni.

"Madam, hili la machungwa ulikuwa hulijui?"

Akamtazama mumewe alivyokuwa akitembea polepole kuelekea majini, kofia sasa kichwani.

"Nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa," akasema. "Ila napenda anavyolieleza."